Pipa ya Bluu Jikoni kwa Yaya Josée

Nilikuta pipa ya sumu jikoni kwa dada yangu, ku Beni. Ilikuwa imejaa maji ya kunywa.

Na mimi njo nilikuwa nimeapa, micro ku mukono, mbele ya Bulengera muzima, kama ile pipa haitaonekana tena mu inchi yetu.

Batu balisema mingi juu yangu. Leo mutasikia kwangu mwenyewe.

Naitwa Eliane. Nafundisha ku école primaire hapa Butembo, commune ya Bulengera. Ku kanisa mimi njo nasomaka matangazo kila yenga, ni kusema jumapili. Kwa hiyo sauti yangu batu banaijua.

Chini ya quartier yetu, mutaa wetu, kulikuwa dépôt moja ya zamani, ghala ya kuwekea bintu. Kampuni moja ya kahawa iliiacha tangu wakati wa bazazi betu. Mabati ilikuwa imeoza, mulango imefungwa na munyororo. Ndani kulikuwa mapipa ya dawa ya kuua wadudu wa kahawa. Zingine zilikuwa zimetoboka. Mvua ikinyesha, maji yenye harufu kali ilikuwa inatelemuka mpaka ku kijito kwenye bamama banafuliaka nguo.

Sisi ile harufu tuliizoea.

Mutu akiwa na kunguni mu kitanda, anaenda kukwangua ule unga mweupe, anapaka ku mbao. Kunguni zinakufa zote. Tulikuwa tunasema ni dawa muzuri.

Sumu? Nani alisema sumu? Si tulikomaa hapo hapo?

Basi, mwaka jana, kiangazi, camion mbili zikasimama mbele ya dépôt. Banaume wakashuka, bakaanza kuvaa. Combinaison nyeupe. Masque. Gants. Bottes.

Eh, bandugu.

Mutu mwenye hakuwa Butembo ile miaka ya Ebola hawezi kuelewa. Kwetu, mutu wa nguo nyeupe akitokea, nyuma yake inakuyaka jeneza.

"Ba-riposte barudi! Ba-riposte barudi!"

Ba-riposte, ni bale balipiganishaka Ebola. Filimbi zikalia avenue kwa avenue. Maduka zikafungwa. Mawe ikaanza.

Bamoja balisema banakuya kuzika virusi. Bengine balisema chini ya dépôt kuko or, zahabu, banataka kuichimba na kutufukuza. Kila mutu alikuwa na yake, na zote zilikuwa za kweli.

Mama Tamar, anauzishaka makayabu, samaki ya chumvi, ku soko, alilala mu barabara mbele ya camion. Mama wa miaka sitini na zaidi!

"Mupite juu yangu!" alilia. "Mulizika batoto betu mu sachet. Sasa munatafuta nini tena?"

Mukubwa wao alikuwa agent mumoja wa serikali, Octave, mutu wa Kisangani, alikuwa ameletwa huku kwa kazi. Jiwe ilimupiga ku sikio. Damu ikamwangika ku ile nguo nyeupe. Akatoa masque, akainua mikono.

"Likambo te, bamama, hakuna neno. Likambo te. Tunarudi."

Na kweli, bakapanda mu camion, bakaenda. Quartier muzima tukaimba. Na mimi niliimba, siwezi kudanganya.

Kisha siku tatu, Octave akakuya ku école. Mutu peke yake, shati ya kawaida, pansement ku sikio.

"Madame Eliane, batu banakuamini. Mimi banaonaka tu nguo. Unipe nusu saa, nikuonyeshe kitu."

Nilienda naye juu ya heshima tu. Tukafika ku kijito, chini ya dépôt. Akageuza jiwe moja. Hakuna kitu. Akageuza ya pili, ya tatu, ya kumi. Hakuna hata kidudu kimoja.

"Ulizaliwa hapa?"

"Hapa hapa."

"Umeshasikia chura ikilia ku hii maji?"

Nikahesabu miaka. 

Miaka makumi tatu na ine. Sikuwahi kusikia chura pale. Na sikuwahi kujiuliza.

Akanielezea mupango. Mapipa yenye kuwa na dawa zitafungwa ndani ya zingine mupya, zitapita Kasindi, ku mupaka, ziende kuchomwa mbali, mu tanuri kubwa. Udongo mubaya utapakiwa mu magunia, utaenda pamoja nazo. Mapipa za wazi, zenye hazina kitu ndani, makumi tatu, zitaenda Beni. Kule kuko mashini ya kuziponda, zibakie tu chuma.

Donc nikashika micro.

Tulikutana ku kiwanja cha mpira. Batu balijaa mpaka ku miti. Nilieleza yote, na kijito, na chura. Nilipomaliza, Mama Tamar akasimama.

"Mwalimu, tumekusikia. Mais hawa batu si ba kwetu. Bakienda kumwanga ile bintu kule Kabasha, mu njia ya Beni, nani atajua? Tunataka mutoto wetu apande mu camion. Macho yetu yenyewe!"

Makofi!

"Nani?" Octave akauliza.

Macho yote ikaniangalia.

"Mudogo yake!" mutu akapiga kelele kutoka nyuma. "Éphraïm!"

Éphraïm ni mudogo yangu, ana miaka makumi mbili na nane. Ni motard, anabebaka batu ku moto, ni kusema pikipiki. Anaimbaka ténor ku chorale. Ukimukuta mu njia na muzigo, atakubebea bila kumuomba. Bulengera yote inamupenda. Makofi ikaongezeka, na yeye akatabasamu, akainama kidogo kama bwana-arusi.

Octave alifikiri kidogo. "Atafundishwa siku mbili," alisema. "Bila hiyo, hapana."

"Afundishwe," tukajibu.

Halafu nikafanya kile sitasahau. Nikainua mukono wa kuume.

"Mudogo yangu ataona mapipa zote kwa macho yake mpaka mwisho. Na mimi naapa mbele ya Mungu, hamutaona tena hata moja mu inchi hii."

Kazi ilichukua juma tatu. Hakukuwa jiwe hata moja. Batoto balikuwa banasimama ku kamba bakipiga kelele "Éphraïm! Éphraïm!" wakati anapita mu combinaison. Mama Tamar mwenyewe alibapelekea sombe na samaki.

Mapipa za dawa zikaenda. Magunia zikaenda. Mwisho, zile za wazi. Octave aliandika ku kila moja na rangi nyeupe: V 1, V 2, mpaka V 30. V ni vide, ni kusema ya wazi. Éphraïm akapanda juu ya camion, akatupungia mukono.

Alirudi kisha siku mbili na karatasi yenye signature. Nikaisoma kanisani. "Mapipa makumi tatu zimepondwa."

Kanisa yote: Amina.

Miezi ine ikapita.

Siku moja, mapema asubui, téléphone ikalia. Yaya Josée, dada yetu mukubwa. Aliolewa Beni, anaishi commune ya Beu.

"Eliane, kuya. Bénite anakufa."

Bénite ni kitinda-mimba chake. Miaka ine.

"Ana nini?"

"Degedege. Mara tatu tangu juzi. Anakauka kama mbao, macho inageuka. Banamupima malaria, hakuna. Banapima tena, hakuna. Batu banasema ni mapepo. Kuya tu!"

Nilipanda taxi ya kwanza. Barrière kwa barrière, kila kwenye basoda balitusimamisha, nilikuwa naomba. Nilifika ku hôpital, nikamukuta Bénite na sérum ku mukono, midomo imekauka. Yaya alikuwa hajalala siku mbili.

"Enda ku nyumba," akaniambia. "Uniletee pagne na maji ya kuchemusha."

Nikaenda. Nikafungua jikoni.

Mu pembe: pipa ya bluu. Juu yake ubao, juu ya ubao kikombe.

Nilikuwa na kiu ya safari. Nikachota. Nikaleta kikombe ku kinywa.

Harufu.

Kidogo sana. Mutu wa Beni hangeisikia. Mais mimi ile harufu nilikomaa nayo.

Nikainama. Pipa ilikuwa imesuguliwa sana, mpaka imeng'aa. Chini, karibu na udongo, rangi nyeupe ilikuwa imebakia mu mikwaruzo. V. Kisha moja. Kisha saba.

V 17.

Kikombe ilianguka. Sikumbuke nilifunga mulango ao hapana. Nakumbuka tu niko ku moto, nalia kwa motard: "Kimbia! Kimbia!"

Docteur alinisikiliza amesimama.

"Dawa ya kahawa? Uko na hakika?"

"Naijua kuliko jina yangu."

Akageukia infirmière. "Mumuoshe mutoto muzima, nywele mpaka kucha. Nguo zake, mufunge mu sachet. Maji ya kule, mutu asiguse." Halafu akaniambia polepole: "Hii haina dawa ya kuitoa. Tutatuliza degedege tu, tungojee mwili yake ipiganie. Asante ulisema. Tulikuwa tunatafuta upande mwingine kabisa."

Nilitoka inje na hasira. Nilijua ni nani. Nikapiga simu.

"Octave! Mwizi! Muuaji! Tulikuamini!"

Aliniacha nimalize. Nilipomuambia V 17, nilisikia anavuta pumuzi.

"Madame, mimi nilibakia Butembo na udongo, uliniona. Karatasi nilipewa ni ile ile ulisoma kanisani." Kisha akaniuliza: "Ulimuuliza dada yako nani alimupatia?"

Sikumuuliza.

Nikarudi ndani. Yaya alikuwa anapangusa miguu ya Bénite na kitambaa.

"Yaya, ile pipa ya maji ilitoka wapi?"

Hakuinua hata kichwa.

"Si Éphraïm alinipatia. Alisema ni cadeau."

Nilikalia chini, ku ciment.

Éphraïm alifika saa sita na moto yake, mavumbi mpaka ku kope. Alifikiri anakuya kuona mugonjwa. Nilimungojea mu cour, kiwanja ya hôpital.

"V 17," nikasema.

Nilimuona akielewa. Uso yake ilishuka kama pazia.

"Yaya, niliiosha! Niliiosha na sabuni ya Omo mara tatu, na majivu, na maji ya moto. Nilikunywa mimi mwenyewe mbele ya Yaya Josée, kikombe nzima. Sikusikia hata tumbo!"

"Kwa nini hazikupondwa?"

"Mashini iliharibika kisha kuponda kumi na nane. Balituambia tungoje. Chauffeur alikuwa na haraka, akashusha zenye zilibakia, akaenda. Mimi nikabakia nazo. Bamama banapita, banauliza: kijana, hizi zote nzima nzima, unazifanyia nini? Batu ba Beu habana kwenye kuweka maji, yaya. Ningesema nini?"

"Ungesema ni sumu! Balikufundisha siku mbili!"



"Nilisikia. Mais... tulikomaa pale. Tulicheza juu ya zile mapipa. Nilifikiri ni woga ya bazungu tu."

"Na signature?"

"Ni mimi."

"Uliniona nikiapa, Éphraïm."

"Nilikuona," akasema. Machozi ikatelemuka mu mavumbi. "Kisha hapo nilikosa njia ya kusema."

Kumi na mbili. Moja alimupatia Yaya, kumi na moja aliziuza.

Hakukuwa wakati wa kupiga mutu. Octave akafika na pickup. Éphraïm alikuwa anajua nyumba zote, juu karibu bote wenye balizinunua, alibabebea pipa mpaka ku mulango. Tulianza mutaa kwa mutaa. Moja tulikuta na unga wa mihogo. Ingine ilikuwa imekatwa katikati, banaoshea batoto. Mama mumoja alikataa kabisa, akaikumbatia, mpaka Éphraïm akapiga magoti mbele yake.

Siku ya pili, posho, ni kusema jumamosi, saa ine asubui, tulikuwa na kumi na moja.

"Inabakia moja," Éphraïm akasema. "Kwa Tata Mathe, hapa nyuma."

Tata Mathe alikuwa anavaa cravate. "Ah, ile? Niliazimisha kwa Muzee Onésime. Leo anaozesha binti. Balihitaji kitu kikubwa ya kutengenezea jus."

Hatukumuaga hata.

Ku parcelle ya Muzee Onésime kulikuwa mahema, baffles za muziki, batu kama mia mbili. Octave alishika combinaison yake.

"Nivae?"

"Ukivaa hapa, batatuua sisi bote. Ngoja mu pickup."

Niliingia natembea polepole, natabasamu, kama mugeni mwenye amechelewa. Pipa ilikuwa chini ya hema. V 22. Imejaa jus ya mananasi, inang'aa mu jua. Mama mumoja muzee alikuwa anaikoroga na mwiko murefu. Mabinti tatu balishika plateau za vikombe.

Nikamukuta Muzee Onésime, nikamusogelea ku sikio.

"Tata, samahani sana. Ile pipa ilikuwa ya dawa ya kahawa. Mutu asikunywe."

Aliniangalia juu mpaka chini.

"Nani alikutuma? Unataka kuharibu arusi ya mutoto wangu?"

Nyuma yake, binti wa kwanza akazamisha kikombe.

Sikufikiri. Nilikimbia, nikasukuma ile pipa na mwili muzima. Ikaanguka. Jus ikakimbia chini ya viti, ku viatu vya batu, ku robe ya bibi-arusi.

Muziki ikanyamaza.

"Iko na sumu!" nikalia. "Pipa iko na sumu!"

Ni pale niliona kosa yangu.

Kwa sababu kwetu, ukisema sumu, mutu haulize ni sumu ya aina gani. Anauliza ni nani ametia.

Na batu mia mbili bakamugeukia ule mama wa mwiko.

"Ni Émérance! Ni yeye alitengeneza!"

"Mujane huyu! Si bwana yake naye alikufa gafula?"

Mukono ukamutoa kitambaa ku kichwa. Mwingine ukamukamata shingo. Mama wa batu alikuwa anasema tu "Mimi? Mimi?" kama mutoto. Mutu akalia: "Mulete mafuta!" Na niliona kijana anakimbia kweli upande wa pikipiki zenye zilisimama.

Nililia mpaka sauti ikaisha. "Si yeye! Ni pipa! Ni pipa yenyewe!" Nani angenisikia?

Halafu Éphraïm akapita karibu yangu. Sikumuona akishuka mu pickup. Alipasua ile kundi na mabega, akasimama mbele ya mama Émérance, akafungua mikono.

"Mumuache! Ni mimi!"

Na ile sauti yake ya chorale, ilipita juu ya zote.

"Mimi njo niliuza ile pipa! Nilijua ilikuwa na dawa! Huyu mama hajui kitu!"

 Kisha ngumi ya kwanza.

Aliweza kukimbia. Hakukimbia. Alianguka juu ya mama Émérance, akamufunika, na bakamupiga ku mugongo na viti za plastiki.

Muzee Onésime njo aliokoa. Alipanda juu ya meza ya gâteau, bintu vyote vikamwangika.

"Hakuna mutu atakufa ku arusi ya binti yangu! Mwenye kumugusa tena, anigeukie mimi!"

Bakaacha. Octave akaingiza pickup mpaka ndani ya parcelle. Tukabeba Éphraïm, mukono umevunjika, meno mbili hakuna. Tukabeba pipa. Bapishi babili balikuwa bameonja jus; tukabapeleka hôpital pamoja, bakaangaliwa mpaka kesho yake, bakatoka bazima.

Bénite alifungua macho siku ya tano. Aliomba bouillie. Yaya Josée alilia mpaka infirmière akamutoa inje.

Leo Bénite anatembea, anaimba. Mais mukono wa kushoto bado unatetemeka akishika kijiko. Docteur anasema labda itaisha. Labda.

Nilirudi Bulengera. Nikaita batu ku kiwanja, baada ya kanisa. Éphraïm alisimama kando yangu, mukono mu plâtre. Nilisema yote. Chauffeur, mashini, signature, Bénite. Nikangojea mawe.

Mutu akalia: "Tulijua! Hawa batu ba nguo nyeupe..."

"Nyamaza!" Ilikuwa Mama Tamar. Alikuya mpaka mbele, akamuangalia Éphraïm wakati murefu, kama mama anaangalia kidonda.

"Wageni tuliwapiga mawe," alisema. "Huyu tulimupigia makofi. Tuliuliza ni mutoto wa nani. Hakuna hata mumoja wetu alimuuliza kama anaamini ile bintu ni sumu."



Zile mapipa kumi na mbili, Octave alikuwa amezirudisha na pickup, akazitoboa na piki pale ku kiwanja, mbele yetu, tundu tano tano, hata maharagi haiwezi kukaa ndani. Alisema ilipaswa kufanywa tangu mwanzo, na hapo kosa ni yake. Ziliposafirishwa kuenda kupondwa, batu batatu ba kwetu bakapanda mu camion. Bote batatu balikuwa bamefika kwanza ku hôpital kumuona Bénite.

Éphraïm anaitwa ku justice, ku mahakama. Anaenda kila mara banamuita, hakatae kitu. Mama Émérance alimusamehe. Yaya Josée bado. Akigonga mulango ku Beu, yaya anazima radio na anakaa kimya mpaka aende.

Mimi bado nasomaka matangazo. Mais kabla ya kusoma, nauliza: nani aliandika hii, na aliona nini kwa macho yake?

Basi, mwenye unasoma hapa, na kwenu kuko kisima, dépôt, shimo, kitu chochote chenye banakuambia ni hatari: siku mutachagua mutu wa kulinda, hapana kuangalia tu kama ni wa kwenu. Muangalie kama anaogopa.

Mudogo yangu alikuwa wa kwetu kabisa. Mais hakuogopa.